Sweta Nyekundu ya Kupokelea Wakwe

Ukitoka Malawi kuja kwetu kwa mara ya kwanza, anza na saa. Ukishavuka daraja la mto Songwe, isogeze mbele saa moja. Watu wanadhani mpaka ni uzio, askari na muhuri, wanasahau kwamba hata mchana wa upande ule haulingani na wa upande huu. Simu nyingine hujirekebisha zenyewe, nyingine zinagoma, na saa ya mkononi ya mzee haijirekebishi hata uiombee.

Naandika kwa ukali kwa sababu saa hiyo moja nusura imkoseshe dada yangu mchumba.

Dada yangu alikuwa akipeleka ndizi na parachichi Kasumulu, pale mpakani, na huko ndiko alikompata mtu wake, kijana wa Karonga aliyekuwa akivuka kununua mchele wa Kyela. Walipendana muda mrefu kimyakimya. Mwishowe kijana akasema wazazi wake watakuja nyumbani kwetu Ikuti kuposa. Baba akaita wazee wa ukoo, mama akachinja kuku, majirani wakaleta mikungu ya ndizi. Wageni waliambiwa saa sita mchana.

Wakaondoka kwao kwa saa ya kwao. Wakabadilisha magari. Stendi ya Tukuyu mtu mmoja mwenye haraka akawapakia kwenye gari la Mbeya, wakaja kushtukia wako Kiwira, wakarudishwa. Walipofika Ikuti wazee wa ukoo walikuwa wameshakula wakaondoka, na ng'ombe walikuwa wameshakamuliwa maziwa ya jioni.

Baba hakuwafukuza. Alifanya jambo baya zaidi. Aliwapa chai, akawauliza habari za mvua za Karonga, akawasindikiza mpaka barabarani, na hakutamka neno hata moja la shughuli iliyowaleta. Aliporudi alimwambia mama, "Watu wanaoshindwa kufika, mtoto wangu watamfikisha wapi?"

Dada alilia siku nyingi. Mama akasema, mchungaji akasema, shangazi akapanda gari toka Kinyala kuja kusema. Mwisho baba akakubali waje mara moja tu tena. Jumamosi. Saa sita. "Wakichelewa safari hii," alisema, "wasijisumbue kushuka garini."

Hapo nikaingia mimi.

Inabidi niseme mimi ni mtu wa namna gani, maana bila hivyo mambo mengine hayataeleweka. Mimi ni mtu anayefunga mlango, akaenda, akarudi kuangalia kama umefungwa, akaenda tena, akampigia jirani amwangalizie. Ujumbe wa simu wa maneno matano nauandika mara nne. Nina duka dogo la steshenari mjini Tukuyu, nachapa barua na kutoa kopi, na mteja akiondoka na karatasi iliyopinda ukingoni kidogo, silali vizuri. Shule niliishia kidato cha nne. Kompyuta nimejifunza peke yangu kwa kutazama video kwenye simu, Kiingereza nimejifunza peke yangu, hata kushona mapazia ya duka. Watu hunisifu kwa hilo. Hawajui hofu yake. Mtu aliyejifundisha mwenyewe hajui ni ukurasa gani aliuruka. Siku zote nangoja mtu aje anifunulie huo ukurasa mbele za watu.

Basi nilikaa dukani nikawaandikia wakwe mwongozo wa safari. Niliwaeleza habari ya saa. Niliwaambia wasibadilishe fedha kwa wale vijana wanaotembea kando yako wakikuhesabia noti huku wakikuuliza habari za nyumbani. Niliwaambia wasimwachie begi mtu yeyote anayewaita "mjomba", maana pale mpakani kila mgeni ni mjomba wa mtu. Niliwaambia wabebe masweta hata kama Karonga jua linachoma, kwa sababu Kyela pia litawachoma, watanicheka, halafu gari litaanza kupanda, migomba itaanza kuchukua nafasi ya miembe, mashamba ya chai yatatokea, na watakapofika Tukuyu ukungu utakuwa umelala barabarani na hawatacheka tena. Niliwaambia wasile kitu njiani. Hili nililipigia mstari. Mgeni akifika kwetu ameshiba, mama huchukulia kwamba ametukanwa.

Nikaandika pia: *Mtapokelewa mpakani na mtu wetu. Atavaa sweta nyekundu.*

Karatasi nikaivisha plastiki nikampa dereva wa lori la parachichi aivushe, na picha yake nikamtumia mchumba kwa simu. Nikakodi Noah ya kijana mmoja wa pale mjini, Mwislamu, baba yake anauza vitenge karibu na stendi. Nilimchagua kwa sababu ndiye dereva pekee ninayemjua anayefika kabla hujampigia.

Mtu wetu wa kwenda mpakani alikuwa kaka. Wote nyumbani walijua hivyo. Lakini kaka ni mtu ambaye ukimwambia saa kumi na mbili asubuhi, saa hiyo ndiyo anaanza kutafuta soksi. Ijumaa jioni nilimpigia kumkumbusha, akaniambia, "Gwe, tulia bwana, hata Yesu hajarudi bado na watu wanamngoja." Nikakata simu. Nikalala vibaya. Alfajiri nikavaa sweta nyekundu mwenyewe, nikamwambia dereva twende. Sikumuaga mtu yeyote nyumbani. Nilisema nitawaeleza baadaye, wakishaniona nimeshuka na wageni mbele ya saa.

Hilo ndilo kosa langu lote, na nilipolifanya nilikuwa najisifu.

Kasumulu asubuhi ile kulikuwa na joto kama ndani ya sufuria. Nilisimama upande wetu, pale wanapotokea watu waliokwisha kugongewa mihuri, nimevaa sweta la sufu, jasho linanitiririka mgongoni, nimeshika kipande cha boksi nilichoandika KARIBUNI IKUTI kwa herufi za kutia wino moja moja. Wabadilisha fedha walinitazama kwa huruma.

"Dada, unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa sweta la nini?"

"La kuonekana."

"Umeonekana. Vua."

Wakatokea. Niliwajua kwa picha. Mbele mzee mrefu mwembamba, koti la suti, kofia, fimbo. Nyuma yake mkewe, amejifunga kitenge juu ya gauni. Kando yao mdogo wake mzee, ambaye ndiye mshenga, amebeba karatasi yangu yenye plastiki kifuani kama mtu anayeingia kwenye mtihani. Na walikuwa wamewahi! Niliangalia saa. Walikuwa wamewahi kuliko hesabu zangu. Nilitaka kulia kwa furaha.

Nikainua boksi. Mzee akaniona, akaona sweta, akageuka akanipa mgongo.

Nilidhani hajasoma vizuri. Nikazunguka nimtokee mbele. Akageuka tena. Nikazunguka upande wa pili, nikapiga goti kidogo kama ninavyojua kusalimia wazee, nikasema, "Ughonile, baba." Mzee akafunika uso kwa kofia, akaenda haraka nyuma ya lori la saruji. Nami nikamfuata nyuma ya lori la saruji. Namna nyingine ya kulisema hili sina. Nilimfukuza mkwe wa dada yangu kuzunguka lori, nimeshika boksi la karibuni.

Wabadilisha fedha walikuwa wameacha biashara.

"Dada, mnacheza kombolela?"

"Mzee, jifiche vizuri, mguu unaonekana!"

"Jamani mwacheni mzee wa watu, hata muhuri wake haujakauka!"

Mkewe ndiye aliyenishika mkono. Alikuwa anacheka, lakini mkono wake ulikuwa na nguvu. Alisema kwa Kiswahili chao cha Karonga, polepole, "Binti. Simama hapo hapo. Wewe ni nani kwa mchumba wa mwanangu?"

"Mdogo wake, mama."

"Mdogo wa kwa baba mdogo?"

"Hapana. Tumbo moja."

"Haa." Akaniachia mkono. "Basi geukia kule kwenye vyoo. Usigeuke mpaka nikwambie."

Nikageukia vyoo. Na nikiwa nimetazama ukuta wa vyoo ndipo huo ukurasa nilioruka ulipofunuka.

Kwetu, na kwao Wangonde pia, maana ni ndugu zetu wa ng'ambo ya mto, mkamwana na baba mkwe hawakutani. Hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na mmoja akiona mwenzake anakuja njiani, anaingia shambani mpaka apite. Si ugomvi, ni heshima, na inaanza pale tu habari ya posa inapoanza. Na dada zake binti, wa tumbo moja, wanahesabiwa pamoja naye. Vijana wengi wa mjini siku hizi wanakula na wakwe zao meza moja, wanapiga nao picha harusini. Mimi nilikulia hapo mjini, kwa shangazi mwingine. Habari hii niliijua kama mtu anavyojua kwamba bibi yake aliwahi kuwa msichana: ni kweli, lakini humwoni. Niliwaza saa za nchi mbili, masweta, mabegi, vijana wa fedha. Halafu nikampelekea mzee wa kimila mkamwana wake, tena nikamvisha nguo ya kuonekana kutoka mbali.

Mshenga akaja akasimama kando yangu, naye akitazama vyoo kwa adabu. "Mzee anasema ndaga fijo, asante sana, kwa gari. Gari ni zuri. Lakini hawezi kupanda na wewe."

"Nitakaa kiti cha nyuma kabisa."

"Ni gari moja."

"Nitajifunika kitenge."

"Mwanangu, ni gari moja."

"Basi mimi nikae mbele, yeye nyuma, nisigeuke hata mara moja mpaka Ikuti."

Mshenga akakuna shingo. "Hapo atakutazama kisogo njia nzima. Si afadhali hata uso?"

Nilitazama saa. Ule muda wote tuliowahi ulikuwa unayeyuka kwenye lile joto. Nikamwuliza dereva kama nyumbani Ikuti anapajua. Akasema anapajua mpaka lami inapoishia. Toka hapo kuna njia panda nyingi, na kila moja ina migomba ileile. Kaka hakupokea simu. Bila shaka alikuwa anatafuta soksi. Mama hakupokea, alikuwa jikoni na simu iko kabatini kama kawaida.

Basi wao watapanda Noah niliyoikodi mimi, na mimi nitapanda pikipiki. Nikasema nitangulie niwaongoze. Mama mkwe akatikisa kichwa: nikitangulia, mzee atanitazama safari nzima kupitia kioo cha mbele, heri hata nikae naye. Nikae nyuma. Nikauliza mtu anayekaa nyuma anamwongozaje mtu aliye mbele. Mama mkwe alikuwa ameshaingia garini. Lile swali tukaliacha pale mpakani.

Kijana wa bodaboda niliyempata alikuwa amevaa koti zito la kuzuia upepo, nikajua huyu anapajua Tukuyu. Akaniuliza, "Tunamfukuzia nani?"

"Hatumfukuzii mtu. Tunakaa nyuma ya ile Noah. Tusiipite."

"Ikisimama?"

"Haitasimama."

Ilisimama mara nyingi kuliko gari la shule.

Kwanza, dereva wangu, yule anayefika kabla hujampigia, alianza kwenda kama amebeba mayai. Kwenye tambarare ya Kyela, barabara imenyooka, miti ya kokoa pande zote, hakuna hata mbuzi, na Noah inatambaa. Bodaboda wangu alikuwa anavuta breki ili tusiwapite. Nikampigia.

"Kwa nini unaenda polepole?"

"Mzee kasema."

"Mzee kasema nini?"

"Kasema niangalie kioo. Nikiona hamuonekani, nipunguze." Nikasikia sauti nzito nyuma yake ikisema kitu. "Na kasema nikusikilize simu ikiwa sikioni, nisiiweke sauti kubwa, maana sauti yako inamfikia."

Sauti yangu inamfikia! Nikakata.

Tulipoanza kupanda, hali ya hewa ikafanya kile nilichokuwa nimekiandika kwenye karatasi, na sikupata raha yoyote kwa kuwa nilisema kweli. Upepo ukawa baridi. Nikashukuru kwa sweta. Halafu mvua ya kwetu ikaja, ile isiyotangulizwa na wingu, inatoka tu kwenye migomba. Bodaboda akasema barabara inateleza, tujikinge. Tukaingia kwenye kibanda cha muuza ndizi za kuchoma. Nikasema moyoni, heri, wao waende, watafika, mimi nitajua la kufanya.

Noah ikawasha taa za kuashiria. Ikakaa kando ya barabara. Ikasimama.

Nikapiga simu. "Nendeni!"

"Mzee kakataa."

"Mwambie saa inakwenda!"

"Nimemwambia. Kasema mtoto wa watu hawezi kuachwa kwenye mvua."

"Mwambie mtoto wa watu mwenyewe ndiye anasema nendeni!"

Nikasikia wanaongea. Dereva akarudi, naye nasikia kabisa anabana kicheko. "Kasema mtoto haamrishi."

Mama muuza ndizi alinitazama nikiwa namwangalia Noah kwenye mvua, nikitetemeka, natafuna midomo. "Umegombana na mumeo?" akauliza. "Ndiye yumo mle?"

"Mle ndani yuko mkwe."

"Aa." Akageuza ndizi zake kwenye moto. "Basi yuko sawa."

Jibu hilo liliniudhi kuliko mvua. Kila mtu barabara ile alikuwa anaujua ule ukurasa isipokuwa mimi. Nilitaka kumwambia kwamba mle ndani pia imo posa ya dada yangu, kwamba kila dakika ambayo Noah imekaa pale ni dada anaiona ikipita kwenye saa ya ukutani, na kwamba baba yangu tangu nizaliwe sijawahi kumwona akisema jambo mara ya tatu. Akanipa ndizi moja ya kuchoma. Nikaila. Niliwakataza wageni wasile njiani, na mimi nikala njiani.

Mvua ikapungua, tukaenda. Tukasimama tena Ushirika kwa sababu lori la chai lilituingilia kati na dereva hakutuona kwenye kioo. Tukasimama tena karibu na Tukuyu kwa sababu bodaboda alitaka mafuta. Kila tukisimama Noah ilisimama mbele yetu, kwa umbali uleule, kama mtu anayemsubiri mgonjwa. Tulipopita mjini niliona duka langu limefungwa na nikakumbuka kwamba sikuangalia kama nimefunga kufuli la chini.

Lami ilipoisha, Noah ikasimama kwenye njia panda ya kwanza, haijui kushoto wala kulia. Nikapiga simu nikasema kushoto. Njia panda ya pili, kulia. Ndivyo nilivyowaongoza wakwe zangu kwenda kwetu: kutoka nyuma, kwa simu iliyobanwa sikioni mwa dereva, nikiangalia tope la magurudumu yao. Swali langu la mpakani likawa limejibiwa, ila lilijibiwa vibaya.

Tulifika saa saba ikiwa imeshapita.

Niliona kutoka mbali. Wazee wa ukoo walikuwa bado wamekaa barazani, lakini baba alikuwa amesimama uwanjani, mikono nyuma, anatazama Noah ikiingia. Nikamwambia bodaboda anishushe kabla ya nyumba. Nikapita migombani, matone yakinimwagikia, nikaingia jikoni kwa mlango wa nyuma. Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda, amejifunika kanga mpaka kichwani, kwa sababu yeye hakuuruka ukurasa. Aliponiona nimelowa, na sweta limenivutika mpaka magotini, alisema neno moja tu.

"Wewe?"

"Mimi."

"Ulienda wewe? Si kaka?"

Mama akaacha kukoroga. "Nilijua kaenda kaka yako! Nilikuona hupo nikasema uko dukani! Gwe mwana, ulipanda gari moja na mkwe?"

"Sikupanda. Waliniteremsha kabla sijapanda."

Mama akakaa chini. Dada akafunika uso wake wote. Nje tukasikia milango ya Noah ikifunguliwa, halafu sauti ya baba, "Msishuke kwanza."

Jiko letu ni la mbao, kati ya mbao kuna nafasi, kila neno linapita. Tukatega masikio kwenye mbao wote watatu. Hata kuni nilitamani ziache kulia.

"Nilisema saa sita," baba alisema.

"Ulisema," mshenga alijibu kutoka ndani ya gari.

"Safari hii saa mnayo?"

"Tunayo. Tuliisogeza mpakani. Tuna hata karatasi." Nikasikia plastiki yangu ikipapaswa. "Tulivuka mapema, baba. Tulikuwa tufike hapa wazee hawajakaa."

"Nini kimewachelewesha?"

"Mtoto wako."

Dada alinishika goti akanifinya. Alinifinya kwa kucha.

"Mtoto wangu wa kiume ninyi hamjakutana naye," baba akasema. "Alitoka hapa jua limeshapanda kwenda kuwapokea." Kaka! Alikuwa amepata soksi.

"Wa kike. Mdogo wa mchumba. Alikuja kutupokea mpakani na gari. Mzee wetu akasema hawezi kupanda naye, binti akashuka kwenye gari lake mwenyewe akapanda pikipiki. Basi tumekuja naye nyuma. Mvua ikanyesha. Mzee akasema tukimwacha mtoto wa watu kwenye mvua ili sisi tuwahi, tukifika tutasema tumekuja kuomba nini? Tukamngoja. Kila alipobaki tukamngoja. Kama tumechelewa, tumechelewa. Tunaweza kurudi."

Mzee mmoja barazani alikohoa. Mama alikuwa ameshika mwiko hewani, mchuzi unadondoka majivuni, na mimi, Mungu anisamehe, niliwaza kwamba atauchafua.

Kisha baba akauliza, kwa sauti ya chini, "Alikubali kushuka mwenyewe?"

Hapo mama mkwe akacheka, tukamsikia wazi. "Baba, alikubali baada ya kumzungusha mzee kwenye lori. Mtoto wako ana bidii."

Barazani mtu mmoja akacheka, halafu wa pili, halafu wote. Baba hakucheka. Lakini nikamsikia akitembea, na mlango wa Noah ukafunguliwa kwa nje, na mtu anayefungua mlango wa gari kwa nje ni mwenyeji.

"Mama watoto!" baba aliita kuelekea jikoni, na sauti yake ilikuwa ya siku zote. "Wageni wamechoka na njia. Lete maziwa."

Mama akainuka na maziwa ya mgando. Dada aliondoa kanga usoni. Sijui nilitegemea nini, shukrani labda. Alinitazama sweta, akatazama tope kwenye sketi yangu, akasema, "Ukinisaidia tena nitakuua," halafu akanikumbatia, majimaji yote yale.

Mazungumzo yalikwenda mpaka jioni na yakaisha vizuri. Sikuona hata kidogo. Kazi yote ile, na mimi na dada tulikula jikoni, tukisikiliza posa yetu kupitia mbao. Dereva ndiye aliyekaa barazani na wazee, akahudumiwa kuku wa kienyeji aliyechinjwa na jirani yetu Mwislamu kwa ajili yake, akasifiwa kwa uendeshaji wa upole. Kaka alirudi kutoka mpakani akilalamika kwamba alikwenda na hakukuta mtu.

Basi ongeza hili kwenye mwongozo: ukija kwetu kuposa, kabla ya saa, kabla ya fedha, kabla ya sweta, uliza anayekuja kukupokea ni nani kwa binti. Nimeshaiandika karatasi upya. Nimeliweka juu kabisa.

Walipoondoka nilikuwa nimetoka kutupa maganda, nikasikia wanakuja kwenye gari, sikupata nafasi ya kurudi ndani. Nikasimama nyuma ya mgomba. Ni mgomba mwembamba, na sweta ilikuwa bado nyekundu. Mzee alitokea, akasimama kwenye mlango wa Noah. Hakugeuza kichwa upande wangu. Alimwambia dereva, kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika kwa mtu aliye karibu hivyo, "Dereva. Aliyepanga safari hii alipanga vizuri. Saa ilikuwa kweli. Baridi ilikuwa kweli. Wale wa mabegi walikuwepo kweli, wakaniita mjomba. Aambiwe hivyo."

"Ataambiwa, mzee," dereva akajibu, akiangalia mgomba.

Nilikuwa na mengi ya kujibu. Nilitaka kumkumbusha airudishe saa yake nyuma akivuka, maana hilo la kurudi sikuliandika popote. Nilifungua mdomo, nikakumbuka sauti yangu inamfikia, nikaufunga. Gari likaondoka kwa mwendo wa kawaida kabisa, bila kusimama hata mara moja.